Dakika Ishirini za Mkono

Jumatatu, 8 Machi

Operesheni mbili leo. Hernia, ile ngiri, ya tata mmoja, baba mzee wa Kingamyambo, halafu jipu la mama wa sokoni. Wote wameamka vizuri. Gesi ya usingizi imebaki chupa moja, na hiyo moja haijajaa. Nimeitikisa mbele ya Docta ili asikie mwenyewe. Amesikia, ametikisa kichwa, ameenda kunawa mikono. Mzee huyu amepasua watu miaka thelathini, na maneno yake ya mwaka mzima hayajazi kikombe.

Kitambaa cha mkono nimekifunga kama kawaida. Tangu mwalimu wangu Shambuyi afukuzwe nakifunga peke yangu, na Félix ananicheka. Félix ndiye mkubwa mpya wa sale, chumba cha operesheni. Ameletwa kutoka Likasi wiki tatu zilizopita, kukalia kiti cha Shambuyi. Ananiambia, "Mama Monga, weye unamushika mugonjwa mukono sawa muchumba yako." Nimemwambia ashughulike na makasi yake.

Naandika hapa nilivyofundishwa, nisije nikasahau, maana aliyenifundisha hayupo tena.

Dawa ya kwanza inalaza akili. Ya pili inalegeza nyama zote za mwili, hata za pumzi. Ndiyo maana tunampulizia mtu hewa kwa mpira. Gesi inaushikilia usingizi. Gesi ikipungua, mtu anaweza kuamka ndani na mwili usionyeshe kitu. Hapepesi jicho. Hawezi kulia. Anasikia kisu. Basi kabla ya dawa ya pili tunamfunga kitambaa cha kupimia tansiyo, presha ya damu, chini ya kiwiko cha mkono wa kulia, tunakijaza hewa mpaka damu isipite. Dawa ya kulegeza haifiki kwenye kiganja. Mkono ule unabaki wa mwenyewe. Unainama sikioni, unamwambia: kama unasikia, finya mukono yangu. Akifinya, unajua yuko macho, unamwongezea dawa. Una dakika ishirini tu. Zikipita, mkono unakufa ganzi, lazima ufungue.

Na usimwite kwa jina la karatasi. Shambuyi alikuwa anapita asubuhi kitanda kwa kitanda akiuliza: mama yako anakuitaka nani ku nyumba? Jibu analiandika kwenye kipande cha plasta, analibandika kwenye chupa ya serum, maji ya mshipani. "Jina ya karatasi inalala kabla ya mwenyewe," alikuwa anasema. "Jina ya mama hailalaka."

Yule tata wa Kingamyambo, mama yake anamwita Kapanya. Ana mvi na wajukuu sita. Nimecheka mpaka naye akacheka.


Jumanne, 9 Machi

Hakuna umeme, hakuna operesheni. Nimerudi mtaani kwetu Kapata kwa miguu.

Nyumba ya Shambuyi ni ya tatu kutoka kwangu. Miaka kumi na tisa tumekopeshana chumvi na makala, mkaa wa kupikia. Sasa mlango haupo. Madirisha hayapo. Mabati wameanza kuyang'oa upande wa jikoni. Mti wa avoka umebaki, kwa sababu haubebeki.

Siku ile ya kumfukuza, vijana walikuja wakiimba. Watu wa Kasai warudi kwao. Walimpa saa moja ya kuondoka. Alizaliwa Kapata hapa hapa, baba yake aliletwa kutoka Kasai na kompani kuchimba shaba. Mimi nilikuwa kwenye lupango yangu, uani, ufagio mkononi. Nilisimama tu. Sikusema neno.

Nimeliandika. Sikusema neno.


Alhamisi, 11 Machi

Jana mzee mmoja amepasuliwa kibofu. Karatasi yake inasema anatoka Kamina, huku huku kwetu. Wakati wa kuamka, macho bado yamefungwa, akaanza kulia: "Mamu wanyi, mamu wanyi." Hiyo ni Kiluba ya Kasai. Anamwita mama yake.

Félix alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani. Nilidhani amekuja kuangalia tansiyo. Kumbe amekuja kusikiliza. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefundisha: "Dawa ya usingizi haidanganyake, mama. Mutu akiamuka, analiaka mu luga ya mama yake. Njo hapa tutabajua bote, bile bilulu."

Bilulu. Wadudu. Hilo ndilo jina la watu wa Kasai siku hizi.

Leo asubuhi kitanda cha mzee ni kitupu, godoro limekunjwa. Serum bado imening'inia, inadondoka sakafuni. Nimeuliza. Hakuna anayejua. Nimepangusa sakafu mwenyewe.

Miaka ishirini nawasikia watu wakiamka. Mulunda wa huku anamwita mama yake. Muluba wa Kasai anamwita mama yake. Muzungu mmoja wa kompani, mkubwa kweli kweli, alimwita mama yake mpaka aliporudi kwenye akili na kuona haya. Sikujua kwamba hilo ni kosa la mtu.


Jumamosi, 13 Machi

Nimeenda gare, stesheni ya treni, na chungu cha bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo. Watu wamejaa mpaka kwenye reli. Magodoro, mashine za kushona, kuku, picha za harusi zimeegemezwa kwenye mabehewa mabovu. Wanangoja treni ya Kasai. Inakuja siku inayotaka.

Shambuyi yuko chini ya turubai, kati ya njia mbili za reli. Amenyoa ndevu. Kila siku ananyoa, kwa kipande cha kioo. Kabla hajaangalia chungu akauliza: "Mwanafunzi, gesi ingali?" Mimi mwanafunzi, na wajukuu wanne! Nikasema chupa moja. Akafyonza.

Nikamwuliza habari za afya. Yeye ndiye aliyenichekesha. "Banasema mugeni siku ya tatu mupe jembe. Baba yangu balimupa nyundo siku ya kwanza. Leo njo banakumbuka kama tuko bageni."

Mbuyi yuko naye. Ni mtoto wake peke yake aliyebaki. Walizaliwa pacha, Mbuyi na Kabanga. Kabanga alikufa kabla ya kutimiza wiki. Ndiyo maana baba anaitwa Shambuyi, baba wa Mbuyi, na jina lake la karatasi hakuna anayelitumia. Mbuyi ana mimba ya miezi tisa. Mume wake alisukumwa kwenye treni ya kwanza, na mlango ukafungwa Mbuyi akiwa bado chini. Namjua tangu anatambaa. Alibonyeza sufuria yangu ya kwanza ya aluminium.

Shambuyi akaniita pembeni. "Mutoto amekingama. Nimemupapasa leo, na jana. Bila kisu hatatoka. Na mi siwezi kukanyaga ku lopitali. Weye unaweza."

Mlangoni pa lopitali vijana wanauliza karatasi. Tumepanga hivi. Atakuwa mtoto wa kaka yangu anayefanya biashara Sandoa, upande wetu, si Kasai. Jina: Ngoie Thérèse. Ngoie ni la watu wa huku; Thérèse ni lake kweli, la ubatizo. Swahili yake ni kama yangu, amekulia Kapata. Wanaomfahamu pale wote wamefukuzwa, isipokuwa mimi na Docta, na Docta haongei.

"Na mu usingizi?" Shambuyi akauliza.

Nilikuwa nimemsimulia habari za Félix na yule mzee. Mbuyi akiamka analia Kiluba, atajulikana.

Mbuyi akacheka, mkono kiunoni. "Basi mi sitalala."

Nikamgombeza. Nikamwambia kulala ni kazi yangu mimi, yake ni kuzaa.


Jumapili, 14 Machi

Misa. Padri amehubiri subira. Mabenchi ya nyuma yote matupu, ndiyo yale ya familia za Kasai. Kwaya imebaki na sauti za juu tu, maana wanaume wa sauti nzito walikuwa wao. Nimechukia subira. Nimetoka kabla ya baraka.


Jumatatu, 15 Machi

Uchungu umemwanza Mbuyi alfajiri. Saa mbili asubuhi nimemwingiza kwenye lango la lopitali, amejifunga kitenge changu, ameniegemea. Kijana wa langoni ameangalia karatasi, ameangalia tumbo, akapisha.

Docta alipomwona alisimama kidogo. Alimpokea Mbuyi huyu huyu kwenye mikono yake alipozaliwa, yeye na Kabanga. Akaniangalia. Akasema, "Tuanze." Basi.

Félix ndiye aliyekuwa anampa Docta vyombo. Sikuwa na namna ya kumtoa.

Nimemfunga kitambaa. Nimemlaza kwa dawa ya kwanza, kidogo, kwa sababu inapita kwenda kwa mtoto. Dawa ya pili. Mpira wa hewa. Macho nimeyafunga kwa plasta. Kwenye chupa ya serum nimebandika: Thérèse. Nimefungua gesi, na hapo ndipo nimesikia chupa ilivyo nyepesi.

Akiba ni kichupa kimoja cha dawa ya kwanza, cha mwisho, mfukoni mwangu. Mkono ukisema, nakifungua. Usiposema, sikigusi, namhurumia mtoto.

Docta amekata. Mapigo yamepanda palepale. Mia na ishirini. Mia na arobaini. Jasho kwenye paji la uso. Nikainama: "Thérèse, ni miye Mama Monga. Kama unasikia, finya mukono yangu." Kiganja chake kilikuwa cha moto, kimetulia kwenye changu. Hakuna kitu.

Félix alikuwa anaongea. Huyo hawezi kushika makasi bila kuongea. Habari za yule mzee wa kibofu, jinsi walivyomtoa. Halafu: "Na huyu wa Sandoa, tutasikia kama analia mu luga gani." Akacheka. Alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Docta akasema, "Makasi."

Nimeuliza mara ya pili. Thérèse. Mara ya tatu. Thérèse. Hakuna. Chozi limetoka chini ya plasta ya jicho la kushoto, limeteremka mpaka sikioni. Machozi yanaweza kuwa ya dawa. Nimejiambia hivyo. Machozi yanaweza kuwa ya dawa.

Jina lilikuwa kwenye ulimi. Mbuyi. Neno moja, la kunong'ona. Lakini Félix ana masikio, na jina hilo huku kwetu hakuna asiyejua ni la wapi. Nikalimeza.

Mtoto ametoka analia. Wa kiume. Hapo ningeweza kufungua kichupa, mtoto alikuwa nje tayari. Lakini mkono haukusema, na ni kichupa cha mwisho, na kesho atakuja mwingine. Nimekirudisha mfukoni. Nimempa dawa kidogo ya maumivu, iliyobaki ya wiki iliyopita. Dakika ishirini zimetimia. Nimefungua kitambaa. Kwenye karatasi nimeandika: jibu la mkono, hakuna.

Docta ameshona muda mrefu.

Kuamka. Félix amekuja kusimama miguuni, mikono kifuani. Nimetoa mpira kooni huku naomba kwa Bikira Maria. Mbuyi akakohoa, akafungua macho, akasema kwa Swahili safi kabisa: "Mama, mutoto iko wapi?"

Félix akainama. "Unatoka wapi, mama?"

"Sandoa, tata."

Akaondoka akipiga mluzi. Nimekaa kwenye stuli. Tumeshinda, nimejiambia.


Jumanne, 16 Machi

Mtoto ananyonya. Kidonda kikavu. Kila mtu ananipongeza kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu.

Kuna kitu kinanisumbua. Hakuna mtu anayeamka vile. Miaka ishirini sijaona. Watu wanaamka wanagugumia, wanatapika, wanauliza mara kumi kitu kimoja, wanamwita marehemu. Yeye amekohoa na kuuliza mtoto. Anatoka wapi? Sandoa, tata. Na neno la heshima kaweka!

Nimemwangalia kupitia dirisha la wodi. Amelala chali, mkono wa kulia juu ya kifua, anafumba kiganja, anafumbua. Anafumba, anafumbua.


Jumatano, 17 Machi

Leo ameniambia. Nimemletea uji, wengine walikuwa wameenda kuoga. Ameongea chini chini, mtoto kwenye titi, haniangalii.

Alisikia yote. Tangu kisu cha kwanza. Amenirudishia maneno ya Félix neno kwa neno, na lile "makasi" la Docta, na mara ngapi alilisema. Amenielezea sauti ya chupa ya gesi ninapoigonga kwa ukucha. Sikujua kwamba huwa naigonga. Maumivu hakuyasema. Alifika hapo akamfunika mtoto kichwa.

Nikamwuliza kwa nini hakufinya. Nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, kama vile yeye ndiye amenikosea.

"Uliniita Thérèse, mama. Nikasema, basi tungali tunajificha. Nikawaza, mukono ikisema, mudomo nayo itafwata. Kama ungeniita Mbuyi, ningefinya."

Halafu akaongeza, kwa sauti ileile: "Kisha nikashindwa. Nikasahau Félix, nikasahau baba. Nikafinya. Nikafinya na nguvu yote. Mukono haikuenda."

Nilikuwa nimeshafungua kitambaa, na dawa ya kulegeza imeshafika kiganjani.

Uji umepoa kwenye bakuli. Nimetoka, nimeingia chumba cha mashuka, nimefunga mlango, nimelia na shuka mdomoni. Kichupa bado kiko kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Hakijafunguliwa. Nilikihifadhi kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Nilijua. Hiyo ndiyo kweli, naiandika hapa maana mahali pengine siwezi. Mapigo mia na arobaini, jasho, chozi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Nilikuwa na jibu mbele ya macho, nikaukimbilia mkono, kwa sababu mkono uliponyamaza ulinipa ruhusa na mimi kunyamaza.


Ijumaa, 19 Machi

Habari imefika asubuhi: treni imeingia. Siku nne tu baada ya kisu. Docta amemfunga tumbo kwa kitambaa kipana, safu tatu, mwenyewe kwa mikono yake, akamwambia asinyanyue kitu kizito. Akamwita Mbuyi. Alisubiri mpaka chumba kiwe na sisi watatu tu, akamwita Mbuyi. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Docta leo.

Tumeenda na baiskeli, yeye amekaa nyuma, mimi nasukuma. Langoni wameuliza tunaenda wapi. Nimesema nyumbani. Sikudanganya sana.

Shambuyi alikuwa amepata nafasi kwenye behewa la mizigo, lile la kubebea magunia, lisilo na benchi. Amemshika mjukuu, amempapasa utosi, vidole, tumbo, kama afanyavyo kwa kila mtoto. Kisha akaniuliza, na nilijua ataniuliza: "Mukono ilisema?"

Mbuyi akawahi. "Nililala, tata. Nililala muzuri."

Shambuyi hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Kazi yake miaka thelathini ni kusoma nyuso za watu wasioweza kusema.

"Ulimuita nani?"

"Thérèse."

Watu walikuwa wanapitisha masufuria juu ya vichwa vyetu, wanaitana, mama mmoja anatafuta kiatu. Nilitaka anitukane. Ningepokea. Akasema pole pole, kwa sauti ile ya kufundishia, tukiwa tumesimama kwenye kokoto za reli: "Mukono ni mudomo ya pili, mwanafunzi. Mutu akiogopa, anafungaka yote mbili. Kama haisemi, angalia mwenyewe nani iko anasikiliza. Andika ile."

Nikasema nitaandika. Nimeandika.

Halafu akaomba plasta. Mfukoni mwangu haikosekani. Akakata kipande kwa meno, akaandika jina la mjukuu, akalibandika ndani ya nepi, upande wa ngozi, mahali watu hawaoni. Hakunionyesha. Sikuuliza.

Nilimpa Mbuyi kitenge changu, kile alichoingia nacho lopitali. Akanishika mkono. Akaufinya. Mara moja, kwa nguvu, mpaka pete ikaniuma. Sikujua ananiambia nini. Kama ni msamaha au kama ananionyesha tu jinsi angefinya.

Treni imeondoka saa kumi. Milango imefungwa kwa nje.


Jumapili, 21 Machi

Sikuenda Misa.

Nyumba ya Shambuyi imepata mlango mpya, wa rangi ya kijani. Familia imehamia. Mama wa humo amekuja kujitambulisha, mtu wa adabu, na watoto watatu. Akaomba chumvi. Nimempa. Baada ya hapo nimekaa jikoni bila kuwasha moto mpaka watoto wa jirani wakauliza kama naumwa.


Jumanne, 23 Machi

Mama mmoja leo, uvimbe wa tumbo. Gesi imepatikana, chupa mbili. Docta hakusema zimetoka wapi.

Kabla ya operesheni nimefunga mlango nikamwuliza mama yake alimwita nani. Akasita. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha. Nikamwambia mlango umefungwa kwa ufunguo, huu hapa. Akaninong'oneza. Sikuliandika kwenye plasta. Sitaliandika hata hapa.

Wakati wa kuamka Félix amekuja na mikono yake kifuani. Nikamwambia atoke. Akacheka. "Mama Monga, njo miye mukubwa hapa." Nikasema mukubwa au mudogo, mtu anaamka, hapa si soko, toka. Sauti ilinitoka mpaka nami nikashtuka. Niliona uso wake unabadilika, nikaona kule walikompeleka yule mzee wa kibofu, angenipeleka na mimi akitaka. Nikaendelea kusimama.

Docta alikuwa anavua glavu kwenye beseni. Hakugeuka. Akasema, "Félix. Nje."

Ametoka. Hatasahau, najua. Labda na mimi wiki ijayo nitaulizwa karatasi. Yule mama ameamka analia, amemwita mama yake. Nilikuwa peke yangu niliyesikia.


Jumatano, 24 Machi

Mvua imenyesha mchana, halafu jua. Nimefua. Nimepika sombe kidogo, ya mtu mmoja.

Jioni, kabla jua halijazama, nimekaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba na kitambaa cha Shambuyi. Nimejifunga chini ya kiwiko cha kulia. Nimekijaza hewa kama ninavyowajaza wengine. Sijawahi kujifunga mwenyewe, miaka yote hii.

Kinauma. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kinauma. Kwanza kinabana, halafu vidole vinajaa, halafu vinaanza kuchoma kama umevishika karibu na makala. Dakika ya nane nilitaka kufumba kiganja ili nipate nafuu. Nilijizuia. Dakika ya kumi na moja kiganja kikafumba chenyewe. Nilikuwa peke yangu, nimekula, sina kidonda, hakuna mtu wa kuniogopesha isipokuwa kuku wa jirani. Cha Mbuyi kilitulia dakika zote ishirini, tumbo lake wazi.

Nimefungua kitambaa. Damu imerudi, vidole vimewaka. Jirani yangu mpya amenisalimia kutoka upande ule, akauliza kama mkono una shida. Nimemwambia hapana, nilikuwa napima kitu.

Kesho kuna operesheni moja, tata wa hernia. Nitafika mapema.